Mama Aliyeanzisha Chuo kwa Dola Moja na Nusu



Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuharisha kwa watoto na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunaacha kidogo mambo ya dawa na uzito wa watoto. Kuna swali tuliloulizwa kliniki, na tangu siku ile halijatuacha tulale vizuri.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kupima watoto. Foleni ilikwisha kama saa saba mchana. Mama mmoja tunayemfahamu kutoka kikundi chetu cha kanisani alibaki kwenye benchi, mjukuu wake mgongoni. Tulipomwuliza kama mtoto anaumwa, akasema, "Hapana Nesi, mtoto mzima. Mimi ndiye ninayeumwa, lakini si ugonjwa wenu wa sindano."

Akatueleza. Binti yake amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Kaka yake naye anataka kujifunza ufundi wa magari. Fedha iliyopo nyumbani, baada ya kuuza mahindi na mbuzi wawili, inamtosha mtoto mmoja tu. Baba watoto amesema aende wa kiume, kwa kuwa wa kike ataolewa na faida itakwenda kwa watu wengine. "Sasa Nesi," akasema, "mimi nifanyeje? Nikinyamaza namuua binti. Nikisema nabomoa nyumba."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia atupe wiki mbili. Na tutawaambia kwa nini tuliogopa kujibu haraka, lakini kwanza tunataka kuwasimulia habari za mama mmoja wa Marekani, ambaye alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na swali hili hili: fedha na nafasi ni ya mtoto mmoja tu, je, aende nani?

MTOTO WA KUMI NA TANO

Mama huyo aliitwa Mary McLeod Bethune. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na mji mdogo wa Mayesville, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake, Samuel, na mama yake, Patsy, walikuwa wamezaliwa utumwani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha mwaka 1865, watumwa wote wa nchi ile wakawa huru. Lakini uhuru wenyewe haukuja na shamba wala nyumba. Patsy aliendelea kumfanyia kazi bwana wake wa zamani mpaka familia ikapata ekari tano, wakajenga nyumba ya magogo na kulima pamba.

Patsy na Samuel walikuwa na watoto 17. Mary alikuwa wa kumi na tano. Akina mama, hebu mfikirieni mama yule! Mimba kumi na saba, shamba la pamba, na nguo za watu wengine za kufua ili apate senti. Mary alikuwa akifuatana naye kupeleka nguo kwa wazungu. Siku moja katika nyumba hizo mtoto huyu akaingia chumba cha michezo cha watoto wa kizungu, akaona kitabu, akakishika. Mtoto wa nyumba ile akamwambia akiweke chini, kwa kuwa hajui kusoma. Mary mwenyewe alilisimulia jambo hili mpaka uzeeni. Alisema ndipo alipoanza kufikiri kwamba labda tofauti kati ya watu wale na watu wake ni kule kusoma.

Shule ya watoto weusi haikuwako Mayesville mpaka kanisa la Presbiteri lilipoanzisha moja, na mwalimu wake, Bibi Emma Wilson, akapita mashambani akiomba watoto. Hapa ndipo penye swali letu. Mzee Samuel na Mama Patsy hawakuweza kuwatoa watoto wengi shambani, maana pamba haikungoja. Waliweza kumtoa mmoja. Wakamtoa Mary, na Mary alikuwa binti.

Kila siku alitembea maili tano kwenda na maili tano kurudi, yaani kama kilometa nane kila upande. Jioni alipofika nyumbani aliwafundisha ndugu zake yale aliyojifunza mchana. Majirani nao wakaanza kumletea barua zao awasomee, na hesabu za pamba yao azikague, wasipunjwe kwenye mizani. Kwa hiyo yule mmoja aliyepelekwa shule hakusoma peke yake. Alisoma nyumba nzima na kijiji kizima.

MSHONA NGUO WA MBALI

Alipomaliza shule ile hakukuwa na mbele. Nyumbu wa kulimia alikufa, baba akaweka shamba rehani ili anunue mwingine, na Mary akarudi kuchuma pamba. Mlango ulifunguliwa na mtu ambaye hakumjua kabisa. Huko Denver, katika jimbo la Colorado, maelfu ya kilometa kutoka Mayesville, kulikuwa na mama mmoja wa madhehebu ya Quaker aitwaye Mary Crissman. Hakuwa tajiri. Alikuwa akishona nguo, na sehemu ya fedha aliyopata alitaka imsomeshe msichana mmoja mweusi. Mwalimu Wilson alipoulizwa nani anafaa, akamtaja Mary.

Mwaka 1888 Mary akapanda gari moshi kwenda Scotia, shule ya wasichana ya kanisa la Presbiteri huko Concord, North Carolina. Alisoma pale hadi 1894. Kisha akaenda Chicago, katika chuo cha Biblia kilichoanzishwa na mhubiri Dwight Moody. Hapo alikuwa mwanafunzi mweusi peke yake.

Sababu ya kwenda Chicago ilikuwa moja. Alitaka kuwa mmisionari huku kwetu Afrika. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea tangu ujana. Alipomaliza mwaka 1895 akaomba kutumwa. Bodi ya misheni ya kanisa lake ikamjibu kwamba hawakuwa na nafasi Afrika kwa mmisionari mweusi. Someni tena sentensi hiyo, akina mama. Mjukuu wa Afrika alikataliwa kuja Afrika kwa sababu ya ngozi yake, na waliomkataa ni watu wa kanisa.

Baadaye alisema kwamba hilo lilikuwa sikitiko kubwa kuliko yote maishani mwake. Lakini hakukaa akinuna. Alirudi kusini kufundisha. Huko Augusta, Georgia, alifanya kazi chini ya mama mmoja shupavu, Lucy Laney, ambaye naye alizaliwa wakati wa utumwa na kuanzisha shule yake mwenyewe. Kwa mama huyu Mary aliona kwamba watoto weusi waliokuwa wakimngoja wako hata mlangoni pake.

DOLA MOJA NA SENTI HAMSINI

Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka uliofuata akamzaa mwana wao wa pekee, Albert. Familia ikahamia Florida. Mary akasikia kwamba reli inajengwa kwenye pwani ya mashariki ya jimbo lile, na kwamba vibarua weusi wanaishi kambini Daytona na watoto wao bila shule. Akaenda.

Alipofika alikuwa na dola moja na nusu. Kule kulikuwa na nyumba ndogo ya ghorofa moja juu, kodi yake dola 11 kwa mwezi. Alimwomba mwenye nyumba amsubiri. Mwezi Oktoba 1904 akafungua shule yake hapo. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, pamoja na mwanawe Albert. Ada ilikuwa senti 50 kwa wiki, kwa aliyeweza.

Sisi tuliokulia vijijini tunaielewa shule ya namna hiyo. Masanduku matupu ya dukani yalikuwa madawati. Mkaa wa kuni ulikuwa kalamu, na maji ya matunda ya porini yakawa wino. Alipita nyuma ya mahoteli na kwenye majalala akiokota taa zilizotupwa, viti vilivyovunjika na vyombo vyenye nyufa, akavitengeneza. Magodoro ya wasichana wa bweni yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu yanayoning'inia mitini kule Florida, waliyoyachemsha na kuyakausha kwanza. (Kama muuguzi anayepigana na kunguni kila mwaka, hapo kwenye kuchemsha tulimpigia makofi.)

Fedha ilitoka wapi? Usiku alipika na wasichana wake pai za viazi vitamu, asubuhi wakawauzia vibarua wa reli. Waliuza na aiskrimu na samaki wa kukaanga. Akapanda baiskeli, akazunguka kwa wazungu matajiri waliokuja Daytona kukimbia baridi, akagonga milango. Mlango mmoja ukifungwa, aliinama akapanda baiskeli yake kwenda mwingine. Wasichana nao wakaenda kuimba kwenye mahoteli, sahani ikapitishwa.

Tunasimama kidogo hapa, maana mama yetu mzazi aliuza vitumbua stendi ili sisi tupate stashahada ya uuguzi. Aliamka saa tisa usiku. Sisi tulikuwa tunaona aibu wenzetu wasijue ada yetu inatoka kwenye kikaango. Leo tunaona aibu ya ile aibu.

JALALA LIKAWA CHUO

Baada ya miaka miwili hivi wanafunzi walikuwa karibu 250, na nyumba ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Pembeni mwa mji kulikuwa na dimbwi lililogeuzwa jalala. Watu waliliita Shimo la Jehanamu. Mary akalipatana kwa bei iliyozidi dola 200, akatanguliza dola 5 alizopata kwa kuuza aiskrimu na pai. Wanafunzi, wazazi na mafundi waliomhurumia wakasafisha. Mwaka 1907 walihamia jengo la kwanza, wakaliita Jumba la Imani. Juu ya mlango wake aliandika maneno ya kumkaribisha anayeingia kujifunza, na upande wa ndani akaandika maneno ya kumtuma anayetoka kwenda kutumika.

Kati ya waliogongewa mlango alikuwa James Gamble, tajiri wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Inasimuliwa kwamba alikuja kuiona shule aliyoombwa kuwa mdhamini wake, akakuta kibanda na masanduku, akauliza shule yenyewe iko wapi. Mary akamjibu kwamba iko kichwani mwake na rohoni mwake. Mzee yule akakubali. Mwingine alikuwa Thomas White, aliyekuwa na kiwanda cha cherehani. Yeye alipotembelea shule aliona wasichana wanajifunza kushona kwa cherehani mbovu ya kampuni nyingine. Akawaletea yake mpya, kisha akawaletea na mafundi wa kumalizia jengo.

Tusidhani basi kwamba maisha yalikuwa mepesi. Deni lilikuwa haliishi. Na kuna jambo lingine ambalo waandishi wengi hulipita haraka, lakini sisi tunaandika kwa ajili ya wake za watu, hatuwezi kulipita.

NDANI YA NYUMBA

Albertus hakuwa na moyo wa kazi ile kama mkewe. Mwaka 1907, mwaka ule ule wa Jumba la Imani, aliondoka Daytona akarudi South Carolina. Hakurudi tena. Hawakupeana talaka. Watu wa sensa walipopita mwaka 1910, Mary alijiandikisha kuwa mjane, na huku mume wake yu hai. Albertus alifariki mwaka 1918 kwa kifua kikuu.

Hatumhukumu yeyote kati yao. Hatukuwamo chumbani mwao. Lakini lile neno "mjane" kwenye karatasi ya sensa limetugusa kuliko majengo yote. Ni mwanamke mangapi kati yetu, akiulizwa na mgeni baba watoto yuko wapi, ametafuta jibu fupi ili asilie mbele ya watu? Huyu mama ambaye watu walimwona jasiri alikuwa na swali ambalo hakutaka kuulizwa. Na asubuhi yake aliamka akafundisha.

Tunasema hili kwa sababu mara nyingi habari za watu wakubwa huandikwa kana kwamba hawakulipa kitu. Mary alilipa. Mama aliyetuambia pale kliniki kwamba anaogopa kubomoa nyumba yake hakuwa anaogopa kivuli.

BINTI ALIYELAZWA VARANDANI

Hii sehemu wauguzi wenzetu waisome mara mbili. Siku moja mwanafunzi wa Mary aliugua kidole tumbo. Daytona haikuwa na hospitali ya watu weusi. Mary akaenda kumsihi daktari wa hospitali ya wazungu, akakubaliwa. Alipokwenda kumwona mgonjwa, hakumkuta wodini. Alimkuta amelazwa kwenye varanda ya nyuma, karibu na jikoni. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, lakini kitanda cha ndani hakikuwa cha mtu mweusi.

Mary akaapa kwamba halitatokea tena. Mwaka 1911 alifungua hospitali karibu na shule yake katika nyumba ndogo, ikianza na vitanda viwili. Akaipa jina la wazazi wake, McLeod. Madaktari weusi na weupe walikuja kutibu, na wasichana weusi wakafundishwa uuguzi humo. Baadaye vitanda vikaongezeka kufikia 20. Mafua makali ya mwaka 1918 yalipoingia, yale yaliyoua mamilioni duniani kote, wagonjwa walipowazidi waliwalaza hadi kwenye ukumbi wa shule. Kwa takriban miaka 20 hospitali ile ilihudumia watu ambao mji ulikuwa hauwahesabu.

Sisi tumefanya kazi wodini miaka mingi. Tunajua mgonjwa anavyoangalia mahali anapolazwa. Anajua kabla hujamgusa kama unamwona mtu au mzigo.

RAIS WA CHUO

Mwaka 1923 shule ya Mary ya wasichana iliungana na Cookman, shule ya wavulana ya mji wa Jacksonville iliyoanzishwa mwaka 1872 na kanisa la Methodisti. Kuanzia hapo ikawa shule ya wote, wavulana na wasichana, chini ya ulezi wa kanisa hilo. Kule Marekani mkuu wa chuo huitwa rais, na rais wa chuo hiki akawa yule mtoto wa kumi na tano wa wachuma pamba. Mwaka 1931 kilitambuliwa kuwa chuo cha miaka miwili, kikaitwa Bethune-Cookman. Mwaka 1941 kikawa cha miaka minne, chenye kutoa shahada.

Siku zile mwanamke kuongoza chuo lilikuwa jambo la nadra, na mwanamke mweusi nadra zaidi. Wako waliotaka awafundishe wasichana kufua na kupika tu. Yeye aliwafundisha kufua na kupika, maana hakuidharau kazi ya mikono. Lakini aliwafundisha pia hesabu, sayansi na ualimu, na hakukubali mtu amwekee mpaka.

Alikuwa pia na ujasiri wa mwili. Wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1920, aliwafundisha watu weusi wa Daytona namna ya kujiandikisha. Kundi la Ku Klux Klan, wale wanaovaa kanzu nyeupe na kufunika nyuso, likaja shuleni usiku kumtisha. Aliwasha taa zote, akasimama nje akiwatazama, na wasichana wake wakaimba nyimbo za dini. Wale watu wakazunguka, wakaondoka. Siku ya uchaguzi Mary alikwenda na watu wake kupiga kura.

Kazi yake ilitoka nje ya chuo. Mwaka 1924 alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha taifa cha wanawake weusi, na mwaka 1935 akaanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi ili vyama vidogo vidogo viwe na sauti moja. Rais Franklin Roosevelt alimpa kazi katika shirika la serikali la vijana wakati wa ile shida kubwa ya uchumi, akasimamia msaada kwa vijana weusi waliokuwa shuleni na waliokosa kazi. Mama Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akawa rafiki yake. Mwaka 1945 alikuwa San Francisco wakati Umoja wa Mataifa unaanzishwa.

Pumu ilimsumbua miaka mingi. Mwaka 1942 aliacha urais wa chuo kwa sababu ya afya, akarudi kukishika tena kati ya 1946 na 1947, kisha akawaachia wengine. Hilo nalo ni somo. Kuna viongozi wetu wa vikundi ambao ufunguo wa kabati la chama wanataka wazikwe nao.

ALIFIKA AFRIKA

Mwaka 1952 Rais William Tubman wa Liberia aliapishwa kwa kipindi cha pili, na serikali ya Marekani ikatuma wajumbe. Mmoja wao alikuwa Mary McLeod Bethune, umri wake miaka 76. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50 tangu bodi ile imwambie kwamba hakuna nafasi. Alikanyaga ardhi ya Afrika akiwa mgeni wa heshima wa taifa, na Liberia ikampa nishani.

Alifariki nyumbani kwake Daytona tarehe 18 Mei 1955, akazikwa pale pale kwenye viwanja vya chuo. Chuo kilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Na mwaka 2022 sanamu yake ya marumaru iliwekwa ndani ya jengo la Bunge la Marekani, kwa niaba ya jimbo la Florida. Ilichukua nafasi ya sanamu ya jenerali aliyepigana upande uliotaka utumwa uendelee.

TULICHOMJIBU YULE MAMA

Sasa turudi kwenye benchi letu la kliniki. Tuliahidi kuwaambia kwa nini tuliogopa.

Miaka kumi na zaidi iliyopita mama mwingine alituuliza swali kama hili. Binti yake alifaulu vizuri, mjomba wake akakataa. Sisi tulikuwa bado wapya mahali pale, hatukutaka kuonekana tunaingilia ukoo wa watu. Tukamwambia mama asubiri mwaka mwingine, labda Mungu atafungua njia. Mwaka mwingine binti akaolewa. Leo huleta mtoto wake wa tatu kliniki. Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa anatutazama tunavyoandika uzito kwenye kadi, akasema kwa sauti ya chini, "Nesi, hii ndiyo kazi niliyokuwa naitaka." Hakutulaumu. Alisema tu, akambeba mtoto, akaenda zake. Tungependa atulaumu.

Kwa hiyo safari hii hatukumwambia mtu asubiri. Lakini pia hatukumwambia yule mama akagombane. Tulikwenda kwake jioni na mama mmoja mzee wa kikundi, ambaye baba watoto anamheshimu kama mama yake. Tulisalimia, tukala ugali, kisha tukamsimulia mzee habari za Samuel na Patsy, waliokuwa na nafasi ya mtoto mmoja na wakamtoa binti, na binti akawasomesha wengine jioni. Tukamsimulia na habari za mshona nguo wa Denver.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shikamoo zenu nimezipokea, na hadithi ni nzuri. Lakini ada ya muhula wa pili itatoka wapi? Na huyu kijana wangu nimwambie nini?"

Ni maswali ya haki. Baba yule si adui wa binti yake. Ni mtu aliyepiga hesabu na hesabu ikamkataa. Tulimwambia ukweli kwamba muhula wa pili hatujui. La kwanza tulilokuwa nalo ni hili: kikundi chetu kina kapu la kukopeshana, na akina mama 14 kati yetu walikuwa wamekubali kuchangia sehemu ya muhula wa kwanza. Fundi mmoja wa magari, mshiriki wa kanisa letu, amekubali kumchukua kijana gereji kwake ajifunze huku akisaidia kazi, bila ada, kwa mwaka mmoja. Si chuo, lakini si kukaa bure.

Mzee akasema atafikiri. Siku tatu baadaye alimtuma binti kwetu na barua ya chuo, akiuliza vifaa vilivyoorodheshwa vinapatikana wapi kwa bei nafuu. Hakutuma neno lingine. Sisi tulielewa.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Viatu vyeupe vimepatikana, saa yenye mshale wa sekunde bado. Muhula wa pili haujulikani. Yule mama ameanza kukaanga maandazi alfajiri, na binti humsaidia kukanda unga. Mama Mary hakujua kodi ya mwezi wa pili itatoka wapi alipolipa wa kwanza. Hata yule mjane wa Sarepta hakuoneshwa ghala. Alikuwa na unga wa siku ile.

Mama mwenzangu, inawezekana katika mtaa wako yuko binti ambaye barua yake imekunjwa chini ya godoro. Labda huwezi kumlipia. Mama Crissman naye hakuweza kuwalipia wote, alimlipia mmoja. Uliza tu, kabla mwaka mwingine haujapita.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu, fedha ikitosha mtoto mmoja, mnaamuaje? Nani huulizwa, na nani hanyamazishwi?

2. Mary alikataliwa na watu wa kanisa lake mwenyewe. Je, sisi tumewahi kumfungia mtu mlango, tukasema ni utaratibu?

3. Tunawezaje kuzungumza na waume zetu juu ya elimu ya mabinti bila kuwavunjia heshima na bila kunyamaza?

4. Kikundi chenu kina kiasi gani kwenye kapu, na kinafanya kazi gani leo?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye kliniki na kuongea juu ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Mbaki na amani.